Kazini "sorry" yangu ni nzito, nyumbani ni nyepesi

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Pumwani hapa Nairobi. Nafanya kazi ya kupokea simu za wateja katika kampuni moja Westlands. Wateja wetu wengi wako Uingereza, na nikiwa zamu ya jioni natoka kazini saa saba usiku. Neno moja tu la Kiingereza limeniletea matata pande zote mbili, kazini na nyumbani, ndiyo maana nakuandikia.

La kazini kwanza. Mteja mmoja, mama mtu mzima, alipiga simu kusema sahani alizoagiza zimefika zimevunjika, na alipokuwa akifungua kasha akajikata kidole. Mimi kusikia habari ya kidole, nikasema papo hapo, "Oh, sorry, so sorry!" Mwalimu, wewe ungesema nini? Mtu amejikata. Baadaye akaandika barua pepe kudai fidia, na ndani yake akasema mhudumu mwenyewe amekubali kwamba kosa ni la kampuni. Simu zetu hurekodiwa. Msimamizi akaniita, akanisikilizisha sauti yangu, akaniambia nimekiri kosa kwa niaba ya kampuni bila kutumwa. Nimepewa onyo la maandishi na kukatazwa kulitamka neno hilo kwenye simu. Mwenzangu wa meza ya jirani anasema msimamizi ndiye asiyejua Kiingereza.

La nyumbani ndilo linaloniuma zaidi. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea. Ana presha, na nilimwahidi kumpeleka kliniki. Usiku ule nikatoka zamu, nikalala, na simu nilikuwa nimeizima sauti. Kumbe mwenzangu amejitanda buibui tangu saa kumi na mbili asubuhi, amekaa barazani na kadi yake ya kliniki mkononi, ananingoja. Jua lilipopanda akaenda peke yake, akakuta foleni imekuwa ndefu, akarudi bila kumwona daktari. Nilipoamka nikampigia: "Ai mama, sorry, nililala." Akaniuliza, "Sorry? Kwani mimi nimejikwaa?" Kisha akakata simu. Tangu siku hiyo nikimsalimu anaitikia, lakini mazungumzo hakuna. Nikimpelekea unga na sukari anashukuru kama anavyomshukuru jirani.

Sasa naomba unieleze: hili neno maana yake halisi ni nini, na limetoka wapi? Kazini niseme nini? Na mama mkubwa nimrudie vipi? Tena, mbona hao Waingereza wenyewe kila dakika wananiambia "Sorry?" na hawajanikosea lolote?

Mhudumu wa Simu, Pumwani

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Mama yako mkubwa, kwa swali lake hilo moja, amekifikia kiini cha jambo kuliko msimamizi wako na yule mteja. "Kwani mimi nimejikwaa?" Nitalirudia swali hilo, maana majibu yako yote yamo humo.

Umeuliza limetoka wapi. Sorry ni neno kongwe, lilikuwako katika Kiingereza kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066 na kukijaza Kifaransa. Wakati huo lilikuwa sārig, na limezaliwa na sār, yaani maumivu au kidonda. Huyo mzazi wake bado yu hai: ndiyo "sore" ya leo, unayoisikia mtu akilalamika kwamba koo linamuuma. Basi aliyekuwa sārig alikuwa ni mtu mwenye maumivu, hasa ya moyo. Kosa halikuwamo, wala mkosaji, wala mwenye kukosewa. Wengi hudhani neno hili limetokana na "sorrow", huzuni, kwa vile sauti zinakaribiana na maana pia. Hapana. Sorrow ni ukoo mwingine kabisa, ulioanzia sorg, na Wajerumani wangali na ndugu yake, Sorge, yaani wasiwasi. Maneno haya mawili yameishi ujirani kwa karne nyingi hata yakaelekea kufanana, lakini asili zao ni mbalimbali.

Sasa tazama yaliyotokea. Mtu akiwa na maumivu ya moyo kwa sababu wewe umefiwa, husema sorry. Akiwa na maumivu ya moyo kwa sababu yeye mwenyewe amekuumiza, husema sorry vilevile. Kwa njia hiyo neno la maumivu likabebeshwa na kazi ya kuomba msamaha, na ile kazi ya kwanza halikuiacha. Mpaka leo Mwingereza hutumia neno hilohilo kumfariji mfiwa na kumtuliza aliyemmwagia chai. Kinachotenganisha maana ni mahali, sauti, na maneno yanayofuata. Ipo pia maana ya tatu, ya kitu duni au hali ya kusikitisha, kama wanaposema nyumba iko katika "sorry state", lakini hiyo haikuhusu.

Kiswahili kimezigawa kazi hizo tangu zamani. Aliyepatwa na jambo tunampa pole: pole kwa msiba, pole na kazi, pole na safari, pole kwa kuugua. Anayepewa pole hafikirii hata kidogo kwamba wewe ndiye uliyemwua marehemu au uliyempa homa. Atasema asante, na wako wanaojibu "nishapoa". Ukiwa wewe ndiye mkosaji, pole haitoshi. Hapo unahitaji samahani, nisamehe, naomba radhi, niwie radhi.

Kiingereza kilipofika kwetu, sorry ikakabidhiwa kazi ya pole. Keti kwenye matatu ya kwenda mjini usikilize. Dereva akikanyaga breki ghafla abiria akajigonga, utasikia "sorry!" kutoka viti vya nyuma. Mama akiangusha nyanya zake pale Gikomba, wapita njia watasema sorry huku wakiinama kumsaidia kuokota. Stima ikipotea, sorry. Hicho si Kiingereza kibovu. Watu wa Nigeria na Ghana nao husema hivyohivyo, maana nao lugha zao zina neno la kumpa mtu pole bila kujitia hatiani. Mgeni kutoka London ndiye anayeshangaa: amejikwaa kwenye ngazi pale Moi Avenue, watu watatu wasiomjua wanamwambia sorry, naye anajiuliza ni nani kati yao aliyemsukuma.

Ndiyo maana nakwambia ulichompa yule mama wa sahani ni pole, ya kweli, tena ya haraka kama ulivyolelewa Pumwani. Yeye akapokea ungamo. Hakuna kati yenu aliyekosea lugha. Neno lilikuwa moja, na kila mmoja wenu alikuwa na lake ndani yake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hujui Kiingereza, wala usimshangilie mwenzako anayesema msimamizi hajui.

Nikutajie jambo kubwa lililotokea kwa njia hiyohiyo. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina akafa, ndege ya Marekani ikatua kisiwani bila kibali, na Wamarekani 24 waliokuwamo wakazuiliwa. China ikataka Marekani iombe msamaha. Tarehe 11 barua ikaandikwa, na ndani yake maneno "very sorry" yakatumika mara mbili: mara moja juu ya kifo cha rubani, na mara nyingine juu ya kutua bila kibali cha mdomo. Marekani ikaeleza kwamba haikukiri kosa lolote. China ikawaambia watu wake kwamba imeombwa radhi. Wamarekani wakaachiliwa, wakarudi kwao. Neno lile lile la sahani zako, mwanangu.

Na hapa kwetu liko lililotugusa zaidi. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia mateso waliyoyapata Wakenya mikononi mwa serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau. Alikubali kwamba watu waliteswa. Akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228. Lakini lisikilize neno alilolichagua: serikali yake "sincerely regrets" kwamba ukatili huo ulitokea. Na katika hotuba hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Ikulu ya Nairobi, kwenye dhifa. Kabla hajafika, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali, ilikuwa imemtaka aombe msamaha hadharani bila kuzungukazunguka. Mfalme alitaja "greatest sorrow" na "deepest regret", akasema ukatili ule hauna udhuru wowote. Sorrow ilikuwamo, regret ilikuwamo. Kuomba msamaha hakukuwamo.

Jaribu kuyatia maneno hayo katika Kiswahili utaona yanavyojifunua. Yote yanakuja kuwa kusikitika, kuhuzunika, kujuta. Huwezi kuyasogeza mpaka yafike "tunawaomba radhi" bila kuongeza kitu ambacho msemaji hakukisema. Naandika haya nikiwafikiria wazee waliosubiri neno hilo moja uzeeni mwao, na wengi wamekufa hawajalisikia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kubishania neno ni kupoteza wakati.

Turudi Westlands. Hatari iko kwenye sorry iliyoachwa uchi, peke yake, isiyo na mkia. Ukiitamka hivyo, msikilizaji ndiye atakayeichagulia maana, naye ataichagua inayomfaa. Dawa yake ni kuimaliza sentensi. Ukisema "I'm sorry to hear you've cut your finger", umempa pole wala hakuna wa kukushika kwa hilo, maana umesema unasikitika kusikia habari yake. Ukisema "I'm sorry we sent you broken plates", umekiri kwamba ninyi ndio mliotuma sahani zilizovunjika, na pengine mchukuzi ndiye aliyezivunja njiani. Tofauti iko kwenye maneno mawili matatu tu yanayofuata. Jizoeze ya kwanza mpaka ikutoke bila kufikiri, kisha muulize kidole kinaendeleaje, halafu ndipo uingie kwenye habari ya kasha. Mteja aliyeumia akiulizwa juu ya kidole chake kabla ya namba ya oda, mara nyingi hupoa.

"I apologise" iweke kando mpaka uambiwe na wakubwa, kwa sababu hiyo leo haina maana mbili. Ni kuomba radhi kwa kosa. Wala haikuanza hivyo. Imetokana na neno la Kigiriki, apologia, lililomaanisha hotuba ya kujitetea mbele ya mahakama. Mwanafalsafa Sokrates aliposhtakiwa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo alitoa apologia yake, na hakuomba msamaha hata kidogo. Alijitetea mpaka akahukumiwa kifo. Neno lilipoingia katika Kiingereza kwenye karne ya 16 lilikuja na maana hiyo ya kujitetea, kisha taratibu likageuka likawa la kukiri. Basi maneno mawili haya yamefika mahali pamoja kutoka pande mbili: moja limetoka kidondani, la pili limetoka kizimbani. Mimi nikiombwa msamaha kwa Kiingereza, nafurahia zaidi lile la kidonda.

Juu ya onyo ulilopewa. Msimamizi wako ana haki ya kuweka taratibu za simu, na uzifuate. Lakini kwa upande wa sheria amekaza kuliko wenye sheria wenyewe. Uingereza na Wales zina sheria ya fidia ya mwaka 2006, Compensation Act, na kifungu chake cha 2 kinasema kwamba kuomba msamaha, au kuahidi matibabu au fidia nyingine, peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Kanada nako mkoa wa British Columbia ulitunga sheria ya msamaha mwaka huohuo wa 2006, na Ontario ikafuata mwaka 2009, ili mtu asiogope kusema neno la kibinadamu kwa kuhofia korti. Mwandikie msimamizi barua fupi ya heshima. Mweleze kwamba hapa kwetu sorry ni pole, kwamba hukukusudia kukiri, na kwamba kuanzia sasa utatumia ile sentensi kamili. Kitaje kile kifungu kwa upole, umwombe awaulize wanasheria wa kampuni, na uombe barua yako iwekwe kwenye faili pamoja na lile onyo. Wahudumu wenzako waliolelewa kama wewe watalirudia jambo hilohilo kesho, kwa hiyo mafunzo yanawahusu nyote.

Na wale wanaokuambia "Sorry?" kila dakika, sikiliza sauti inavyopanda mwishoni. Hawaombi msamaha, wanasema hawakusikia. Usijibu "it's okay". Rudia sentensi yako, polepole kidogo. Ikija bila kupanda, mwanzoni mwa swali, ni adabu tu ya kukatiza, kama sisi tunavyomsimamisha mtu njiani: "Samahani, stegi ya Umoja iko wapi?" Hata samahani yetu, unaona, imechakaa kwa kutumiwa kila siku. Asili yake ni Kiarabu, shina la kusamehe na kuwa mkarimu, lakini leo unaweza kumpa mtu usiyemjua na wala usiwe na kosa.

Kwa hiyo mama mkubwa hafai kupewa samahani ya stegini, sembuse sorry.

Yeye alisikia nini kwenye simu? Alisikia pole. Na pole hupewa mtu aliyepatwa na jambo, kana kwamba ile asubuhi ya barazani ilimwangukia tu kama mvua. Ndipo akakuuliza kama amejikwaa. Hakujikwaa, mwanangu. Alivunjiwa ahadi na mtoto aliyemlea. Tena ukaunganisha na "nililala", ukatanguliza udhuru kabla ya kosa lenyewe.

Kiswahili kimekupa silabi moja ndogo ya kukusaidia hapa. "Nimekosea" ni mtu aliyebonyeza namba isiyo yake. "Nimekukosea" ni mtu anayejua nani ameumia. Hiyo -ku- usiisahau. Na neno la kumwomba ni radhi. Katika nyumba kama yenu radhi ya mzazi si adabu ya mdomoni. Ni kitu ambacho mtoto hukitafuta na kuogopa kukikosa. Asili yake ni Kiarabu pia, na maana yake ni kuridhika. Wazee wa Pwani husema "kunradhi", yaani uwe radhi nami. Ukimwomba mtu radhi unamwomba moyo wake utulie juu yako, na hilo ni kubwa kuliko kumwomba asahau.

Usimpigie simu. Nenda mwenyewe siku usiyokuwa na zamu, asubuhi, asikuone umechoka akaanza kukuhurumia. Mkono mtupu ni sawa. Unga na sukari visitangulie, asije akadhani unamlipa. Ukishapewa pa kukaa, kaa chini kuliko yeye, umwambie: "Mama, nimekukosea. Nilikuahidi kukupeleka kliniki, ukaningoja barazani tangu asubuhi, sikuja. Naomba radhi yako." Halafu nyamaza. Zamu ya usiku usiitaje kabisa. Akitaka kujua atauliza, na akiuliza mjibu kwa ufupi. Kama atalia au atakugombeza, kaa papo hapo. Ukiona hakufungulii kabisa, mwombe mama yako mzazi aende kwake kukusemea, maana dada husikilizwa na dada.

Akikuwia radhi, muulize tarehe ya kliniki inayofuata, umwombe ile kadi uisome mwenyewe, kisha umwandikie msimamizi kuomba zamu ya mchana siku ya kuamkia hiyo.